Lori Haliitikii Shikamoo

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Septemba, mwaka 2024.

Methali yenyewe ni hii: Lori haliitikii shikamoo. Jana jioni binti yangu Gwantwa na Ipyana, mtoto wa kaka yangu, waliisikia kwenye mkutano wa maji. Mwanamke mmoja alisimama akawaambia wanakamati kwamba tumeomba bomba letu litengenezwe kwa maneno matamu mpaka ulimi umechoka, na kwamba sasa tunataka kumwona fundi, kwa kuwa lori haliitikii shikamoo. Mkutano mzima ukapiga makofi. Vijana wangu nao wakapiga makofi, tena kwa nguvu. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani Ipyana akaniuliza, "Shangazi, lori linaingiaje kwenye habari za maji?"

"Na makofi yale ulimpigia nani?" nikamwuliza.

Gwantwa akacheka. Ipyana akasema kwamba aliwaona wenzake wanapiga, naye akapiga. Tulipofika nyumbani nikawaambia waketi, kwa sababu neno lile halikutungwa na washairi, wala halikuletwa na upepo. Lilizaliwa hapahapa Isongwa, mbele ya shule yetu ya msingi, wakati wao wenyewe walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Nililisikia likitamkwa kwa mara ya kwanza, na hivi ndivyo lilivyopata kuwapo.

Kabla ya lami, barabara yetu ilikuwa ya udongo mwekundu, yenye mashimo ambayo mvua iliyageuza kuwa madimbwi. Lori la mbao likipanda kutoka bondeni lilikwenda kama ng'ombe aliyeshiba. Dereva aliweza kuteremsha kioo, akauliza habari za mavuno, akajibiwa, na bado hajaumaliza ukuta wa shule. Kwa hiyo watoto wetu walikua wakiijua barabara kuwa ni mahali pa kukutana na watu.

Nanyi mnaijua desturi yetu. Mtoto akikutana na mtu mzima njiani husimama palepale alipo, hushusha magoti, husema shikamoo, kisha hungoja. Haondoki mpaka aitikiwe marahaba. Mtoto anayeinuka kabla ya kuitikiwa humwaibisha mama yake, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kitakuwa kimeuliza anamlea vipi. Baadhi ya wazee, kwa kupenda heshima, waliitikia polepole sana. Walianza na habari za nyumbani, wakapitia kwa bibi, wakamalizia kwa ndama aliyezaliwa juzi, ndipo marahaba ikatoka. Mtoto alingoja chini magotini. Ndivyo tulivyolelewa, na silitaji jambo hilo ili nililaumu.

Kisha lami ikaja. Tuliishangilia, tukawapikia wajenzi ndizi na nyama. Wajenzi walichora mstari mweupe katikati ya barabara. Walisimika kibao kikubwa cha kutangaza kwamba mradi umekamilika. Huko bondeni, mbele ya nyumba ya wageni ya tajiri mmoja, waliweka matuta mawili mazuri, ili ngurumo za malori zisiwaamshe wageni waliolala. Lakini mbele ya shule, ambako madarasa yako upande mmoja na uwanja wa michezo uko upande wa pili, hawakuweka chochote. Hakukuwa na tuta, wala kivuko, wala hata kibao chenye picha ya mtoto. Usingizi wa mgeni ulilindwa. Uhai wa mtoto aliyekuwa akivuka asubuhi kwenda darasani, akivuka tena kwenda kucheza, na kurudi, na kwenda nyumbani, uliachwa mikononi mwa Mungu na mguuni mwa dereva.

Tuliomba. Ninasisitiza kwamba tuliomba, kwa sababu baadaye walisema hatukusema mapema. Tulikwenda ofisini wilayani tukiwa tumevaa vitenge vya kanisani. Tulibisha hodi, tukaamkia, tukaomba radhi kwa usumbufu, tukaeleza. Tuliambiwa, "Marahaba, mama zangu, limepokewa." Tulirudi mara nyingine, na mara nyingine. Marahaba tulizipata nyingi. Malori yaliendelea kushuka kilima kwa kasi ambayo ungesikia mlio wa lori ukiwa jikoni, ukainua macho, na kumbe limeshapita.

Wakati huo alikuwapo mtoto wa darasa la pili aliyeitwa Tupokigwe. Mama yake, Subilaga, alikuwa jirani yangu. Tulilima pamoja na kusuka pamoja mikeka ya kuuza. Tupokigwe alikuwa mtoto ambaye walimu walimtolea mfano. Ukimtuma alikwenda, ukimkaripia alinyamaza, na salamu yake haikuwa ya juujuu kama ya watoto wengine.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei kulikuwa na ukungu mwepesi. Watoto walikuwa wakikimbia kuwahi namba, yaani kuhesabiwa mstarini shuleni, na Tupokigwe alikuwa nyuma ya wenzake kidogo. Ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama Mzee Mwaikenda, mwalimu wa dini mstaafu, na fimbo yake mkononi. Mimi nilikuwa upande wa huku na mzigo wa majani ya ng'ombe. Wenzake walishavuka. Tupokigwe alifika katikati ya barabara, kwenye ule mstari mweupe, akainua macho, akamwona mzee, na mzee akamwona. Akasimama. Akashusha magoti mawili juu ya lami, akasema, "Shikamoo, babu."

Mzee Mwaikenda alifungua kinywa ili aitikie, ndipo akaliona lori likichomoza kwenye kona. Badala ya marahaba akapiga kelele, "Kimbia! Inuka, kimbia!"

Lakini yule mtoto alikuwa anangoja marahaba. Alimtazama mzee kwa mshangao, kama mtu aliyejibiwa kwa lugha ya kigeni, akabaki magotini. Dereva alipiga honi na kuyumbisha usukani. Kichwa cha lori kilimkosa. Tairi la nyuma halikumkosa mguu.

Hakufa. Mungu asifiwe, hakufa. Mguu ulivunjika vibaya, akalazwa hospitalini, akafungwa vyuma, mwezi ukaisha, mwingine ukaanza. Lile lori halikusimama hata kidogo, na mpaka leo hatumjui aliyeliendesha. Na mnajua iliandikwaje? Walioandika habari za ajali ile waliandika kwamba mtoto "alisimama katikati ya barabara bila sababu." Bila sababu! Mtoto amefanya lile tulilomfundisha tangu ajue kutembea, amelifanya vizuri kuliko wote, halafu mtu mwenye kalamu anasema hakuwa na sababu. Kuhusu dereva aliyeshuka kilima mbele ya shule kama anayekimbia nyuki, hawakuandika neno.

Mzee Mwaikenda aliketi ukingoni mwa barabara siku ile mpaka watu wakamwondoa. Tangu hapo alikataa kusalimiwa karibu na lami. Wazee wenzake wakakubaliana naye jambo ambalo sikuwahi kuliona mahali pengine: asubuhi na jioni, watoto wanapovuka, mzee aliyeko kando ya barabara ageuze mgongo, ili mtoto asione uso wa kuamkia. Hebu fikirini. Watu waliotufundisha adabu walilazimika kuwageuzia wajukuu wao migongo ili wajukuu waishi. Wenye malori hawakulazimika kubadilisha lolote.

Subilaga naye alitamka neno lake. Alisema mbele yetu sote, "Mwanangu akipona, hatavuka barabara ile mpaka kiwepo kitu kinacholizuia lori. Kama hakuna, basi shule ndiyo imekwisha." Tulimsihi asiseme hivyo, maana mtoto alikuwa na akili ya kusoma. Hakubadilika.

Mwezi wa Julai tukaitwa kwenye mkutano wa usalama, uwanjani pale pa shule. Alikuja ofisa kutoka wilayani, amevaa tai na viatu vyeusi vinavyong'aa. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Anyosisye, akamkaribisha kwa maneno mengi. Ofisa akazungumza juu ya wajibu wa wazazi. Alipomaliza, Subilaga akanyoosha mkono, akasimama, akaamkia, akaomba tuta.

"Mama yangu," ofisa akajibu kwa upole, "matuta yana utaratibu. Yanawekwa mahali ambapo imethibitika kwamba vifo vimetokea. Hapa kwenu, kwa bahati nzuri, hakuna kifo."

Subilaga akamtazama. "Kwa hiyo, baba, mwanangu alikosea kutokufa?"



"Mama Tupo!" Mwenyekiti akasimama. "Lugha gani hiyo mbele ya mgeni?"

"Ni Kiswahili, Mwenyekiti. Nimeuliza swali. Nijibiwe, niketi."

Ofisa aligeuka akawatazama watoto, akatabasamu. Akasema kwamba tuta ni jambo la baadaye, lakini mafunzo ni jambo la leo. Mtoto anayetaka kuvuka asimame ukingoni, anyooshe mkono wake juu, amtazame dereva kwa heshima. "Dereva naye ni mzazi," akasema. "Akiona mkono atasimama. Chukulieni kwamba ni salamu tu. Nanyi watu wa huku, kwa salamu, nani awashinde? Haya, watoto kumi waje mbele, tukajaribu."

Hakuna mtoto aliyekwenda. Kila mama alikuwa ameshamshika wake.

"Tangulia wewe, Mheshimiwa," akasema bibi mmoja aliyeketi mbele. "Wao watakutazama. Mwalimu ndiye huanza."

Watu wakaguna kwa kukubali. Ofisa akacheka, akajishika tai, akaenda ukingoni mwa barabara. Sisi tukamfuata, tukasimama mbali, watoto nyuma yetu. Lori la mbao likajitokeza kwenye kona. Ofisa akanyoosha mkono juu kabisa, akatugeukia ili tuone vizuri, kisha akakanyaga lami.

"Nyoosha zaidi, Mheshimiwa!" sauti ikatoka nyuma. "Huyo hajakuona!"

"Mwonyeshe na tai!"

Lori likapiga honi. Halikupunguza mwendo. Ofisa alibaki na mkono wake juu na tabasamu lake usoni mpaka tulipoona kwamba tabasamu limekufa na mkono bado uko juu. Kisha akaruka. Akaangukia mtaroni mgongo kwanza, kwenye tope la maji ya mvua. Lori likapita na mbao zake na upepo wake. Kiatu chake kimoja kilibaki barabarani, kimebapa kama chapati.

Ndipo yule bibi aliyeketi mbele akasema taratibu, "Labda dereva hakusikia vizuri. Si angemwamkia kwa sauti?"

Hapo watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mwenyekiti alijikohoza akitafuta mahali pa kuyaweka macho yake. Subilaga peke yake hakucheka. Alitazama huku na huku, akaingia barabarani, akakiokota kile kiatu, akakifuta kwa upindo wa kitenge chake. Akamwendea ofisa, ambaye alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro akijifuta tope, akashusha magoti mbele yake kama desturi inavyotaka, akampa kiatu kwa mikono miwili. Akasema, na sisi sote tulisikia:

"Pole, baba. Wewe uliinua mkono mmoja. Mwanangu alishusha magoti mawili. Lori haliitikii shikamoo."

Ofisa alikipokea kiatu, akakiangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, suala hili nitalifikisha ngazi za juu."

"Lifikishe," Subilaga akajibu akiinuka. "Sisi tunalifikisha barabarani."

Huku kwetu, mgomba ukishazaa na mkungu ukikatwa, shina lake halina kazi tena; hukatwa, likaachwa lioze shambani. Jioni ile tuliyakusanya mashina hayo kutoka kila shamba. Kesho yake alfajiri, kabla watoto hawajaanza kupita, tulikuwa barabarani. Tuliyapanga mashina kwa safu kukatiza lami, upande wa juu wa shule na upande wa chini, na mbele zaidi kila upande tukasimamisha wanawake wenye khanga nyekundu, ili dereva aone kwa mbali na asitaabike. Shina la mgomba ni laini, halivunji gari. Lakini hakuna dereva anayelirukia bila kupunguza mwendo, kwa kuwa hajui kilichomo chini yake.

Lori la kwanza lilisimama likipumua. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Nyie akina mama, mna nini asubuhi hii? Mnataka hela?"

"Hela zako zikusaidie, mwanangu," nilimjibu mimi. "Tunataka upite polepole."

"Nina haraka!"

"Na hawa nao wana haraka, wanawahi namba. Mna haraka nyote. Basi atangulie mdogo."

Alitutukana kidogo, nasi tukamrudishia kidogo. Kisha watoto wakavuka mbele ya taa zake, wakiwa wameshikana mikono, naye akawatazama mmoja mmoja kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Ndipo akapita juu ya mashina, polepole, yakipasuka na kutoa maji. Sijui kama aliwahi kuwaona watoto wa Isongwa kabla ya siku ile, ingawa alikuwa akipita mbele yao kila juma.

Askari waliletwa. Walituambia kwamba kuziba barabara ni kosa la jinai, nasi tukawajibu kwamba hatukuziba, maana magari yalikuwa yanapita. Wakaamuru tuyaondoe mashina, tukayaondoa kwa heshima zote. Kesho yake tukapanga mengine. Mwenyekiti alikuja nyumbani kwa Subilaga akamwambia kwamba anakiaibisha kijiji. Subilaga akamwuliza kama aibu hiyo ilianza siku mtoto alipovunjwa mguu au ilianza siku migomba ilipolala barabarani. Mwenyekiti aliaga bila kunywa chai.

Neno la Subilaga lilikwenda kuliko sisi. Madereva walilibeba wakicheka, wauza ndizi wakalibeba sokoni, na nasikia hata kule wilayani watu walianza kuulizana, "Mheshimiwa yule wa kiatu ni yupi?" Sina hakika ni nini hasa kilichowasukuma wakubwa, huruma, au aibu, au kiatu. Huruma ingekuwapo, ingekuja mwezi wa Mei. Ninachojua ni kwamba mwezi wa Septemba mafundi walikuja na lami ya moto wakajenga matuta mbele ya shule, wakachora kivuko cha mistari myeupe, wakasimika kibao. Kazi ilichukua siku chache tu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kitu tulichokililia kwa muda mrefu, kitu kilichomgharimu mtoto mguu, kilikuwa kazi ya siku chache. Na hakuna aliyekuja kumwambia Subilaga pole. Walikuja kupiga picha.

Tupokigwe alirudi shuleni akitembea na mkongojo. Subilaga alimfikisha ukingoni, akamwacha asimame. Lori lilikuwa linashuka. Lilifika kwenye tuta, likanguruma, likajikokota kama zamani zile za udongo mwekundu, likasimama kabisa kabla ya kivuko. Mtoto akavuka. Ng'ambo alikuwapo Mzee Mwaikenda, amegeuza mgongo kama walivyokubaliana wazee.

"Babu," akasema Tupokigwe, "nimeshavuka."

Mzee akageuka. Tupokigwe akajaribu kushusha magoti, mguu ukakataa, akayumba. Mzee akaachia fimbo yake na mkongojo wa mtoto vianguke vyote, akamshika mabega, akaanza kusema, "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba. Marahaba," ingawa mtoto alikuwa bado hajamwamkia. Mimi niliinama nikajifanya nafunga kitenge.

Hapo ndipo nilipowamalizia vijana wangu habari hii. Ipyana akauliza, "Kwa hiyo, Shangazi, ina maana watu waache kuamkiana?"

"Hapana," nikamwambia. "Amkia. Sikukuzuia. Shikamoo ni ya mwenye masikio na moyo. Lakini mwenye nguvu anayekuja kwa kasi na hana nia ya kukuona, usimwekee adabu yako njiani ukadhani itamzuia. Mwekee tuta. Na usikubali mtu yeyote akuambie kwamba mtoto ndiye ajifunze kumkwepa dereva, wakati dereva hajafundishwa kumngoja mtoto."

"Na yule ofisa?"

"Alikwenda zake na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Lakini wenzake ni wengi, wana viatu viwili, na bado wanawaambia wazazi kwamba mahali pao hapajapata kifo cha kutosha."

Wewe uliyeisoma habari hii, usibaki nayo peke yako. Mpelekee mzazi ambaye mwanawe anavuka barabara kwenda shule au kwenda kucheza, msomee asiyejua kusoma, mpe mwalimu, mpe dereva, na ukikutana na kiongozi anayekuitikia marahaba pasipo kutenda, mweleze kwa sauti inayosikika mkutano mzima: lori haliitikii shikamoo.